Mgonjwa wa Kumi na Mbili Alikuwa Pipa

Nilianza kazi ya maabara Jumatatu, tarehe 4 Aprili 1966, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Najua kwa sababu niliiandika kwenye daftari siku hiyo hiyo, nikiwa nimesimama nje ya mlango, nikiogopa kubisha. Nilikuwa na miaka kumi na minane, Fomu Foo nimemaliza, na tangu Fomu Wani nilikuwa na tabia ya kuandika yale nisiyoweza kuyasema. Yalikuwa mengi. Darasani mwalimu alikuwa akiniambia, "Nduku, semea juu," mpaka wenzangu wakaligeuza jina. Semea Juu, lete kifutio. Semea Juu, unaitwa.

Mwezi uliopita nyinyi vijana wa maabara mliniaga kwa chai, mandazi na saa ya ukutani. Mkubwa mmoja alisimama akasema kwamba kwa miaka thelathini na moja nimekuwa mtumishi mtulivu, asiye na maneno. Mkapiga makofi. Nilitabasamu, nikabeba saa yangu nikaenda nyumbani, na hasira haijanitoka mpaka leo. Huo utulivu mliousifu uliharibu masikio ya mtu. Kwa hivyo nimetoa madaftari ya zamani kwenye sanduku, na nitawaandikia yaliyomo. Vyeo na mishahara sitaviandika.

Basi nilibisha. Ilikuwa Makueni, chumba kimoja chenye madirisha mawili, na ndani alikuwa Mzee Kilonzo, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililokuwa na madoa mekundu na ya buluu kifuani kama ramani. Aliniangalia.

"Wewe ndiye wa kutoka sekondari?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Unajua kuosha chupa?"

Nikaitikia tena.

"Vizuri. Wanaojua mambo mengine wamenichosha."

Wiki tatu niliosha chupa na slaidi. Wiki ya nne akaniruhusu niketi kwenye maikroskopu. Ilikuwa ya jicho moja, yenye kioo chini cha kunasa mwanga. Asubuhi tuliiweka dirisha la mashariki, alasiri tuliihamisha lile la magharibi. Siku ya mawingu hatukupima kifua kikuu, tulikunja bahasha za dawa. Mzee ndiye aliyenifundisha kupaka makohozi kwenye slaidi yawe membamba kiasi cha kuweza kusoma gazeti kupitia kwayo, kumwaga rangi nyekundu, kupasha moto wa spiriti mpaka mvuke utoke bila rangi kuchemka, kisha asidi, kisha rangi ya buluu. Asidi huvua wekundu kwenye kila kitu. Kijidudu cha kifua kikuu hakivuliwi, kwa sababu kina nta mwilini. Kwa hivyo ukiangalia unaona shamba la buluu, na humo vijiti vyembamba vyekundu.

Siku nilipoviona mara ya kwanza niliandika kwenye daftari kwamba nimemwona adui. Siku iliyofuata Mzee alinishusha.

"Hao uliowaona si lazima wawe adui, mwiitu." Aliniita hivyo, msichana wangu, mpaka siku aliyostaafu. "Kijidudu cha kifua kikuu kina binamu zake. Wengine wanakaa kwenye udongo, wengine kwenye maji. Hawamdhuru mtu mzima wa afya. Lakini nao wana nta. Hapa kwa maikroskopu wote wamevaa shati jekundu."

"Nitawatofautisha aje?" Nilisema kwa sauti ndogo mpaka akainama.

"Wewe huwezi. Mimi pia siwezi. Labda siku moja mtu atapata njia ya kuwauliza ukoo wao. Sisi tunaweza kitu kimoja tu, kuuliza maji."

Kuuliza maji ilikuwa hivi. Kila Jumatatu, kabla ya mgonjwa wa kwanza, Mzee alichukua slaidi mpya isiyo na kitu, akaipitisha njia ile ile: rangi, moto, asidi, buluu, na kuisuza kwa maji yale yale ya maabara. Kisha aliisoma kwa bidii kama vile ni ya mtu anayekohoa damu. Ikiwa safi, tulianza kazi. Siku moja haikuwa safi. Alimwaga maji yote ya ndoo kwenye mchanga, na ulikuwa mwezi wa tisa, hakuna tone Makueni nzima, na mama waliokuwa kwenye foleni wakamwangalia kana kwamba amempiga mtoto. Hakuwaeleza kitu. Aliosha ndoo kwa jivu, akaianika juani, akamtuma mtu kisimani upya.

Kama ningekuwa na akili ningeishia hapo, nanyi mngekuwa mmeshajifunza kazi yote.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilihamishiwa upande wa kaskazini wa Kitui, kwenye hospitali ndogo ambayo sitaitaja. Nilikuwa na cheti sasa, na maikroskopu ya macho mawili yenye taa, na stima siku tatu kwa wiki. Maji yalikuja kwa punda, kutoka visima vinavyochimbwa kwenye mchanga wa mto. Yalimiminwa kwenye pipa la chuma lililokaa juu ya mawe nyuma ya maabara, na mpira mweusi ulitoka chini ya pipa, ukapita dirishani, ukafika kwenye sinki. Kila Jumatatu niliuliza maji kama nilivyofundishwa. Kila baada ya miezi michache tulilikausha pipa na kulisugua.

Halafu ikaja ile njaa ya themanini na nne. Mnaoikumbuka mnajua, na msioikumbuka ulizeni nyumbani. Punda walikufa. Pipa la zamani likatoboka kwa kutu tukaletewa lingine. Na mwaka huo ndio alioletwa Bwana Mutisya kuwa mkuu wa maabara.

Nitajaribu kumtendea haki, ingawa sitaki. Alikuwa mtu wa utaratibu. Kabla yake madaftari ya majibu yalikuwa fujo; yeye aliyapanga. Alipiga marufuku kupoteza chochote. Alichukua brashi na rangi nyekundu akaniambia nichore mstari ndani ya pipa, karibu na chini, na maji yasishuke chini ya huo mstari hata siku moja. Yakikaribia, yaongezwe. Kulikausha pipa na kulisugua kukakoma.

Na mimi niliuchora huo mstari kwa moyo mweupe. Hapa ndipo ninapotaka mnielewe, nyinyi mliozaliwa huku kwetu. Nyumbani kwa nyanya yangu maji ya mtungi hayakuruhusiwa kuisha. Kabla ya kufika chini mtu aliondoka na punda, na maji mapya yaliingia juu ya yale ya zamani. Mtungi uliokauka ulikuwa aibu ya mama mwenye nyumba. Nyote mmelelewa hivyo. Hakuna mtu wa Nairobi angefanya kosa letu, kwa sababu mtu wa Nairobi hajui uchungu wa kuona chini ya pipa. Miaka minane tuliongeza maji juu ya maji, pipa limekaa juani, limefunikwa, lina joto zuri, na mpira wake mweusi haukuwahi kufunguliwa. Chini ya ule mstari mwekundu tulikuwa tunafuga.

Kuhusu slaidi tupu, Bwana Mutisya alinikuta nayo Jumatatu yake ya pili.

"Madam Nduku, hiyo ni ya nani?"

"Ni ya maji."

"Ya nani?"

"Maji, bwana."

"Semea juu."

"Ya maji."

Akacheka na kijana mwenzetu aliyekuwa akipima damu. "Maji yanakohoa? Madam, watu wanakufa njaa nje na wewe unapaka hewa rangi. Sisi tunapima watu hapa."

Daftari langu la siku hiyo lina neno moja tu, *Nimeacha*. Sikupigana hata kidogo. Nimelisoma neno hilo mara nyingi mwezi huu na nimetaka kumpiga kofi aliyeliandika.

Mwikali alikuja mwaka wa tisini. Alikuwa fundi cherehani wa soko la Kyuso, mwanamke wa kama miaka thelathini, anayeshona sare za shule, mwenye mdomo. Alikuwa anakohoa damu na amekonda. Wakati huo huo tulikuwa na mgeni, Bi. Halima, mtafiti wa vijidudu kutoka Nairobi. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Mwingi, ukoo wao ulitoka pwani zamani, na alizungumza Kiswahili ambacho kilitufanya sisi wote tuone haya kufungua midomo. Alikusanya makohozi ya wagonjwa wapya kwenye chupa mpya alizokuja nazo, akaondoka nazo kwa sanduku la bati. Slaidi ya Mwikali niliisoma mimi: vijiti vyembamba, vimepinda kidogo, vimezama ndani ya makohozi. Kifua kikuu, hakuna shaka.

Akapewa dawa na sindano. Akanenepa. Kikohozi kikaisha. Mwisho wa matibabu akaleta makohozi, kwa shida, kwa sababu hakuwa na cha kukohoa. Nikasoma slaidi. Nyekundu.

Daktari wa kliniki ya kifua alimwita. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka majibu.

"Umekuwa ukitupa dawa," daktari akamwambia.

"Mimi? Nimemeza zote."

"Wote wanasema hivyo."

"Basi mimi ni mmoja wa hao wote. Daktari, dawa zenu zimegeuza mkojo wangu rangi ya soda ya machungwa miezi na miezi. Niliweka kwa kopo nikuletee, nikaona aibu. Ningejua ningekuletea."

Akaanzishiwa upya, sindano kila asubuhi kwa miezi miwili na vidonge miezi mingi. Safari hii alikuwa na akili. Kila bahasha ya kaki ya vidonge alipoimaliza aliitoboa kwa sindano ya cherehani na kuitunga kwenye uzi. Alipokuja kliniki alikuwa na mkufu wa bahasha unaofika magotini.

"Hesabuni," akasema, akauweka mezani.

Bwana Mutisya alikuwa hapo. Alisema, "Bahasha tupu ni ushahidi wa bahasha."

Watu wakacheka. Na mimi, nikiwa na daftari la majibu kifuani, nilitabasamu. Nimeandika hivyo siku ile, na siwezi kulifuta.

Kufikia hapo Mwikali alikuwa anageuza kichwa mtu akiongea naye. Sindano za streptomaisini zilikuwa zimeanza kula masikio. Kwanza mlio kama wa nyenje, halafu sikio la kulia likafa kabisa. Alikuwa anayumba akitembea, na Kyuso wakasema amekuwa mlevi. Wazazi walianza kupeleka vitambaa vya sare kwa fundi mwingine, kwa sababu nani atampa mtoto wake shati lililoshonwa na mtu mwenye kifua kikuu kisichopona, anayetupa dawa na kunywa pombe. Na makohozi yake mwisho wa dawa za pili? Nyekundu.

Ndipo nilipoanza kuangalia kwa kweli, na siombi sifa, nilikuwa nimechelewa miaka mingi. Vile vijiti vya Mwikali vilikuwa vinene. Tena vilikuwa virefu. Na jambo hili liandikeni ukutani: sikuweza kuviona pamoja na makohozi. Makohozi yakiwa wazi, vijiti vilikuwa ukungu. Nikizungusha skrubu kidogo vijiti vinakuwa wazi, makohozi yanapotea. Maana yake vilikuwa vimelala juu ya makohozi, havikuwa ndani. Vilikuja baadaye. Vilikuja na maji.

Saa ya chakula, kila mtu akiwa nje, nilifunga mlango nikauliza maji, mara ya kwanza tangu themanini na nne. Kwenye slaidi isiyo na mtu, nilihesabu vijiti vyekundu sita kabla ya kuacha kuhesabu.

Nilimwendea Bwana Mutisya ofisini. Nilimwambia kwa sauti yangu hii. Alinifanya nirudie mara mbili. Kisha akaja akaangalia mwenyewe, akazungusha skrubu polepole, kwa sababu alikuwa mjuzi, tusidanganyane. Alipoinua macho uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Madam," akasema, "ukisema maji ni mabaya, majibu yote ya tangu themanini na nne utayapeleka wapi?"

Nikachukua kitambaa nikafuta meza.

"Hao wote waliodungwa. Utawaambia nini?"

Nikaendelea kufuta.

"Maikroskopu imezeeka. Na macho pia." Akaitumbukiza slaidi yangu kwenye asidi ya kuoshea slaidi.

Kama angekuwa mjinga ningemsamehe. Alielewa kwa dakika moja kile kilichonichukua miaka minane, na alichofikiria kwanza ni daftari lake.

Bi. Halima alirudi baada ya wiki chache kwa duru ya pili. Alitaka makohozi ya wale ambao dawa zimeshindwa kuwaponya. Chupa zake mpya zilikuwa zimeisha, kwa hivyo akakubali zetu. Zetu tulizichemsha vizuri sana, kisha tukazisuza kwa maji ya pipa. Nilimwona akizipanga. Nilitaka kumwambia. Nilifika mlangoni mwa chumba chake mara tatu, na mara ya tatu nilimuuliza kama anataka chai.

Lakini nilikuwa na chupa moja mpya ya duru ya kwanza, nimeificha kwenye droo kama mtu anavyoficha sukari. Orodha ya wagonjwa ilikuwa na watu kumi na mmoja, na Mwikali alikuwa wa saba. Nilikwenda nyuma ya maabara, nikafungua mpira mahali unapounganika na pipa, nikajaza ile chupa mpya, nikaandika namba kumi na mbili. Fomu ilitaka maelezo. Jina: P. Musyoka. Jinsia: mwanamume. Umri: miaka minane. Kijiji: hapa hapa. Kikohozi: hana.

Hiyo ilikuwa kughushi sampuli. Msinifuate katika hilo. Mkiwa na mdomo, tumieni mdomo.

Miezi ikapita. Vijidudu hivi havina haraka, huota wiki nyingi kwenye chupa. Wakati huo Mwikali aliitwa tena. Wakubwa wa kliniki walikuwa wameamua aanze dawa mara ya tatu, miezi miwili mingine ya sindano kila asubuhi, dawa zikifika tu kutoka Nairobi. Alikuwa amebaki na sikio la kushoto, nalo lilikuwa linasikia nusu. Alikuja maabara kuniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiandika majibu.

"Dada, wewe ndiye unawaona hao wadudu. Ni wengi?"

Nilimjibu kwamba majibu husomwa na daktari. Hakusikia. Alifikiri nimesema ni wengi, na akaondoka akishika ukuta.

Dawa zilifika Alhamisi. Bi. Halima pia alifika Alhamisi, saa nane mchana, vumbi la barabara ya Garissa mpaka kwenye nyusi. Hakungoja hata kuketi.

"Dada Nduku, huyu P. Musyoka yuko wapi? Hali yake ikoje?"

Nilimwonyesha kupitia dirishani.

"Wapi? Simuoni mtu."

"Hilo pipa," nikasema.

Alitazama pipa, akatazama fomu. "Umri miaka minane," akasoma. "Kikohozi hana." Akaanza kucheka, kisha kicheko kikakatika, akaketi kwenye stuli yangu. "Subhanallah. Namba tatu, namba saba, namba kumi. Wote ni yeye."

Alinitolea picha. Nitawaeleza kama alivyonieleza. Wanakivunja kijidudu na kutoa jeni zake, wanazikata vipande, wanavipitisha kwenye kitu kama jeli mpaka vijipange kwa urefu. Vinatokea kama mistari ya kikapu cha kiondo, na kama vile mnavyojua kiondo hiki ni cha nani kwa mistari yake, ndivyo. Tena jamii ya kifua kikuu ina kipande chake cha jeni ambacho binamu zake hawana. Kukipata hicho ndiko kumuuliza mtu ukoo wake. Mzee Kilonzo alikuwa ameshakufa, na hilo nalo liliniuma.

"Hii ni Mwikali wa kwanza, kabla ya dawa, kwenye chupa yangu mpya," Bi. Halima akasema. "Alama ya kifua kikuu hii hapa. Na huyu ni Mwikali wa sasa. Alama hakuna. Huyu ni kijidudu cha maji, na mistari yake ni ile ile ya namba tatu, ya kumi, na ya huyo bwana wako wa nje. Watu watatu wa vijiji vitatu. Mwanamke huyu alipona, dada. Alipona kwa dawa za mara ya kwanza."

"Kesho asubuhi anaanza sindano," nikasema.

Bwana Mutisya alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu saa ngapi.

"Huo ni utafiti," akasema. "Siyo majibu ya hospitali. Majibu ya hospitali yako kwenye daftari langu na yanasema ana vijidudu. Na wewe, Madam Nduku, umepeleka sampuli ya mtu asiyekuwepo. Hilo nitaliandikia barua."

Bi. Halima akamwambia kwamba atawaandikia wakubwa Nairobi jioni hiyo hiyo. Lakini aliponitazama mimi macho yake yaliniomba radhi. Alieleza kwamba yeye haruhusiwi kumpa mgonjwa majibu, na barua itachukua wiki, labda mwezi. Mwezi ni sindano thelathini.

Saa kumi Bi. Halima alipoondoka, Bwana Mutisya alivua koti, akaita vijana wawili, akalilaza pipa. Maji yote yakaenda kwenye mchanga. Wakalisugua kwa jivu na brashi ya waya, wakakata ule mpira mweusi na kuutupa kwenye moto, wakaweka mpya. Mimi nilisimama dirishani na saa yangu ya mkononi. Ilichukua dakika arobaini. Kazi ambayo haikuwezekana kwa miaka minane, kwa sababu ya uhaba wa maji, ilichukua dakika arobaini. Aliporudi ndani alinawa mikono kwa maji mapya akaniambia, "Sasa hakuna cha kuonyesha mtu." Kuhusu sindano za kesho hakusema neno, kwa maana kuzizuia kungehitaji sababu, na sababu ingehitaji kuandikwa.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda chumba cha sindano. Foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi, watu labda ishirini, wengine wa kutoka Kyuso. Muuguzi alikuwa anachemsha sindano. Daktari alikuwa mlangoni na Bwana Mutisya, wanaongea. Mwikali alikuwa wa tatu kwenye benchi, ule mkufu wa bahasha shingoni, amejiegemeza ukutani ili asiyumbe.

Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia polepole, kwa siri, kama nilivyofanya kila kitu maishani. Akaniangalia mdomo.

"Sisikii, dada. Sema kwa hili," akanigeuzia sikio la kushoto.

Nikasema tena, karibu kabisa na sikio. Akatikisa kichwa. "Hapana. Limebaki kidogo sana. Semea juu."

Sijui kama mnaelewa. Nilisimama, kwa sababu nikichuchumaa pumzi haikutosha. Nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia.

"Mwikali, huna kifua kikuu. Ulipona zamani. Ulimeza dawa zote. Wale wadudu walikuwa kwenye maji yetu, kwenye pipa la maabara, nami ndiye niliyekuwa nikilijaza. Usidungwe."

Muuguzi akashikilia koleo hewani. Nilimwona Bwana Mutisya akianza kuja, na daktari akimshika mkono wa koti akimuuliza, "Pipa gani?"

Mwikali hakulia wala hakunishukuru. Aliuvua ule mkufu wa bahasha shingoni, akaukunja mara mbili, akauweka kwenye mapaja yake.

"Nimesikia," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe. "Sasa wageukie hao, uwaambie tena. Wa Kyuso wako pale nyuma."

Nikageuka. Nikawaambia tena, tangu mwanzo, tangu ule mstari mwekundu.